Shule ya Kati na Uwanja Wake: Habari za Michezo ya Shule Katika Nchi ya Singida

Miongoni mwa maneno yaliyokwisha kutoka katika matumizi ya kila siku ya Kiswahili cha Tanzania Bara, mojawapo ni "shule ya kati". Mzee aliyezaliwa Singida mwaka 1940 hulitamka bila kulifafanua. Mjukuu wake hulisikia kama jina la mahali asipopajua. Si ajabu, kwa sababu shule zenyewe zilifutwa katika miaka ya 1960, na neno lisilokuwa tena na kitu cha kutaja halina budi kudhoofika. Lakini shule hizo hazikuondoka na kengele na madaftari tu. Ziliondoka pia na uwanja wa michezo wa namna ya peke yake, ambapo vijana wa lugha mbalimbali walikusanyika, wakapimwa kwa mbio na mpira, wakafundishwa maneno mapya na kuyapa maneno ya zamani kazi mpya. Habari za uwanja huo, na za mahali mbio zilipohamia baada yake, ndizo makusudi ya makala haya.

Singida ilipata kuwa mkoa mwaka 1963. Kabla ya hapo wilaya zake zilikuwa sehemu ya Jimbo la Kati, lililotawaliwa kutoka Dodoma. Ni nchi ya uwanda wa juu. Mji wenyewe uko kadiri ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kando ya maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai. Mvua ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kwisha mwezi wa Aprili. Baada yake hufuata kiangazi kirefu, ardhi ikawa ngumu na upepo ukavuma. Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu husema lugha za Kibantu. Wabarabaig husema lugha ya Kiniloti. Na upande wa kaskazini, kuelekea Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, ambao lugha yao yenye sauti za kidoko haijaonekana kuwa na ndugu wa hakika. Mikoa ya Tanzania ambamo jamii za lugha zinazotofautiana kiasi hiki hukaa karibu hivi ni michache. Kwa hiyo swali la lugha gani itumike mahali ambapo watoto wote wamekutana halikuwa dogo.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba nchi hii ilizoea kuona vitu vikiletwa na kuondolewa kwa amri ya mbali. Reli ya kutoka Manyoni hadi Kinyangiri ilijengwa katika miaka ya 1930, kisha ikang'olewa katika miaka ya 1940. Vizazi vilipita kabla reli haijajengwa tena kutoka Manyoni hadi Singida. Shule ya kati ilikuja na kwenda kwa namna isiyo mbali sana na hiyo, ila ilikaa miaka michache zaidi, na alama yake haikuwa ya chuma.

Elimu ya kimisioni ilitangulia. Walutheri wa Leipzig walianza kazi Iramba mwaka 1911, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi hiyo ikachukuliwa na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani; Kinampanda pakawa mahali pa elimu na ualimu. Wakatoliki nao walikuwa na misioni Makiungu, katika nchi ya Wanyaturu. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilipita katika Afrika ya Mashariki, nayo ikahimiza elimu iliyofungamana na maisha ya kijijini. Mkuu wa tume ile, Thomas Jesse Jones, alihesabu nguzo nne za elimu: afya, matumizi mema ya mazingira, maisha ya nyumbani, na burudani. Nguzo hiyo ya nne yastahili kuangaliwa. Katika fikira za waelimishaji wa wakati ule mchezo haukuwa pumziko tu baada ya kazi, bali ulikuwa sehemu ya malezi. Wengine waliutaka kwa ajili ya afya. Wengine kwa ajili ya nidhamu. Na katika shule za misioni baadhi waliutaka ushike mahali pa ngoma, ambazo wao hawakuzipenda.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Tanganyika ilitoa mpango wa miaka kumi wa elimu ya Waafrika, wa mwaka 1947. Kutokana na mpango huo, elimu ikawa na ngazi tatu za miaka minne minne: shule ya msingi, darasa la kwanza hadi la nne, shule ya kati, darasa la tano hadi la nane, na sekondari, darasa la tisa hadi la kumi na mbili. Katika miaka ya 1950 shule za kati zilienea katika wilaya za nchi nzima. Mafunzo yake yalielemea kilimo: wanafunzi walilima mashamba ya shule, wakafuga, wakajilisha kwa sehemu. Kwa kuwa shule moja iliwatumikia watoto wa eneo pana, wengi walilala bwenini. Tena, watoto wengi wa wakati ule walianza shule wamechelewa, baada ya miaka ya kuchunga mifugo, hata mwanafunzi wa darasa la nane aghalabu alikuwa kijana wa miaka kumi na sita au zaidi, aliyekwisha kupata nguvu za mtu mzima.

Mambo haya matatu, yaani bweni, jembe na umri, ndiyo yaliyoufanya uwanja wa shule ya kati uwe jinsi ulivyokuwa. Bweni lilitoa saa za jioni, ambazo mtoto wa kutwa huzitumia kurudi nyumbani. Jembe lilitoa uwanja wenyewe, maana mikono ile ile iliyolima shamba la shule ilifyeka vichaka, ikang'oa visiki, ikasawazisha vichuguu. Umri ulitoa wachezaji ambao mbio zao zilistahili kupimwa. Na kiangazi kilitoa msimu: mavuno yalipokwisha kuingizwa ghalani na njia kukauka, shule ziliweza kutembeleana.

Michezo ilikuwa ile iliyojulikana katika shule zote za Tanganyika. Mpira wa miguu ulitangulia kwa kupendwa. Mbio zilipimwa kwa vipimo vya Kiingereza: yadi 100, yadi 220, yadi 440, yadi 880, na maili moja. Palikuwa na kuruka juu na kuruka chini, kurusha mkuki, na mbio za kupokezana vijiti. Bweni lilishindana na bweni, kisha shule na shule. Wasichana katika shule za kati walikuwa wachache kuliko wavulana, na mchezo waliopangiwa zaidi ulikuwa netiboli. Upungufu wao darasani ulikuwa pia upungufu wao uwanjani, na haukuzibwa kwa haraka.

Haifai kudhani kwamba waalimu waliwakuta watoto wasiojua michezo. Mtoto wa Kinyaturu au wa Kinyiramba aliyechunga ng'ombe alikwisha kukimbia kabla hajaambiwa kwamba kukimbia ni somo. Jambo jipya halikuwa mbio, bali kipimo chake: mstari wa chokaa, saa mkononi mwa mwalimu, na jina kuandikwa. Mbio za malishoni zilikuwa na sababu nje yake, ndama aliyepotea au mvua inayokuja. Mbio za uwanjani zilikuwa na sababu ndani yake zenyewe. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, na Kiswahili kilibidi kuibeba.

Jinsi kilivyoibeba huonekana katika maneno. Neno "mpira" kwanza ni jina la mmea utoao utomvu, kisha la utomvu wenyewe ulioganda, kisha la tufe lililofanywa kwa utomvu huo, na mwisho la mchezo mzima. Siku hizi mtu husema "mpira umekwisha" bila kufikiri mmea wala tufe. Neno "nahodha" ni la baharini, lenye asili ya Kiajemi, na maana yake ni mkuu wa chombo. Uwanjani likamwangukia kiongozi wa timu, na hivyo kijana wa Singida ambaye hajapata kuona bahari akaitwa nahodha katikati ya nchi kavu. Neno "kiranja" lilitoka katika jando, ambamo lilimtaja mvulana aliyetangulia wenzake kutahiriwa. Shuleni likawa la mwanafunzi aliyewekwa juu ya wenzake, ambaye pia ndiye aliyewapanga mstarini. "Ngao" iliacha vita ikawa tuzo. "Kikombe" kiliacha meza ya chai kikawa tuzo pia, wala hapana aliyetazamia kunywea. "Mwamuzi" aliletwa kutoka baraza la wazee, akasimama uwanjani pamoja na "refa", mgeni aliyetoka katika Kiingereza, na mpaka leo wote wawili wamo kazini. Na neno la jumla, "riadha", ni la asili ya Kiarabu, nalo katika lugha hiyo hutumika kwa mazoezi ya mwili na hata ya nafsi.

Tena kuna kitenzi "kucheza". Katika Kiswahili ngoma huchezwa na mpira huchezwa. Lugha haikuwatenga wachezao wa namna hizi mbili. Waalimu waliotaka mpira uiondoe ngoma walisema nao lugha isiyokubali utengano huo. Basi ngoma haikuondoka. Ilihamia kando ya uwanja, katika nyimbo na vigelegele vya washangiliaji, ambako imo mpaka leo.

Darasani, katika miaka ya mwisho ya shule ya kati, Kiingereza kilikuwa lugha ya kufundishia. Nyumbani kila mtoto alikuwa na lugha ya mama yake. Uwanjani ilikuwa lazima amri isikike na kufahamika mara moja, na timu ya shule moja ilikuwa na vijana wa koo na lugha mbalimbali. Ndipo Kiswahili kilipokuwa na nafasi yake. Wataalamu wa lugha wamezoea kutaja misafara, jeshi, misioni, magazeti na siasa kuwa ndizo njia zilizokieneza Kiswahili bara. Uwanja wa shule wastahili kuongezwa katika orodha hiyo. Kamati ya Lugha, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilisanifisha maneno vitabuni. Vijana walioitana mpirani waliyasanifisha midomoni.

Ila uwanja huo ulikuwa na mipaka yake. Chini ya ukoloni palikuwa na elimu ya Wazungu, elimu ya Waasia na elimu ya Waafrika, kila moja kwa fungu lake. Kiomboi, katika Iramba hiyo hiyo, palikuwa na shule ya bweni ya watoto wa wamisionari wa Augustana, ambayo nayo ilifungwa baadaye. Mpaka wa pili ulikuwa mkali zaidi, maana ulipita kati ya Waafrika wenyewe. Watoto waliofika darasa la nne walikuwa wengi kuliko nafasi za darasa la tano, na aliyekosa nafasi alikosa vyote pamoja: Kiingereza, bweni, na uwanja. Shule ya kati ilikuwa nzuri kwa waliokuwamo.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 mgawanyo wa elimu kwa rangi uliondolewa, tangu Januari 1962. Mwishoni mwa mwaka huo iliundwa Wizara ya Utamaduni na Vijana. Kisha ikaja zamu ya ngazi zenyewe. Serikali ilitaka watoto wapite darasa la nne bila kuchujwa, nayo ikaamua kwamba elimu ya msingi iwe ya miaka saba. Darasa la nane likaondolewa hatua kwa hatua katikati ya miaka ya 1960, na shule za kati, zikiwa ngazi ya peke yake, zikafutwa. Majengo yake yalipewa kazi nyingine: mengi yakawa shule za msingi za kawaida, mengine yakapata kuwa vyuo au sekondari. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, na shamba la shule likapata maana mpya ya kisiasa. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa. Karibu na wakati huo nchi iliacha yadi na maili, ikashika mita na kilomita, hata kijana aliyeshinda yadi 440 mwaka 1960 hakuweza tena kulinganishwa moja kwa moja na mdogo wake wa mita 400.

Uamuzi wa kufuta shule za kati ulikuwa wa haki, na yeyote aulizaye habari za michezo hana budi kuanza kwa kukiri hivyo. Haiwezekani kuwanyima watoto wengi darasa la tano ili wachache wapate uwanja mzuri. Lakini uamuzi wa haki huweza kuacha pengo ambalo halikukusudiwa. Pengo hilo lilikuwa la umri. Watoto walipoanza shule mapema zaidi na kumaliza darasa la saba, walitoka wangali wadogo, kabla miguu yao haijaonyesha itakachoweza. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Kwa hiyo miaka ile ambayo kijana hupata nguvu, kuanzia kumi na nne hadi kumi na minane, ambayo hapo kwanza angalau baadhi waliipitisha mbele ya mwalimu mwenye saa, sasa wengi waliipitisha shambani na malishoni, na hapakuwa na mtu wa kuipima.

Historia ya mbio za Tanzania huonyesha mahali zilipohamia. Nchi ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Tokyo mwaka 1964. Mwaka 1968 John Stephen Akhwari wa Mbulu, nchi iliyo jirani na Singida upande wa kaskazini, alimaliza marathoni ya Mexico akiwa wa mwisho, na goti lake limefungwa bendeji. Mwaka 1974 Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, naye alikuwa askari. Juma Ikangaa wa Dodoma, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989, alikuwa afisa wa jeshi. Katika safari hiyo kambi ilikuwa imeshika kazi ambayo bweni liliifanya zamani: kumpa kijana chakula, saa za mazoezi, wenzake wa kukimbia nao, na mtu wa kuandika jina lake. Tofauti ni kwamba shule humpokea mtoto bila kumwuliza kama ana mbio, na kambi humpokea kijana aliyekwisha kukua.

Singida nayo ikapata mtu wake kwa njia hiyo. Alphonce Simbu, aliyezaliwa mkoani humo mwaka 1992 na kuingia Jeshi la Wananchi, alikuwa wa tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na wa tatu katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017. Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda ule ule, na ilibidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo, katika mji ule ule ambamo nchi ilianza safari yake ya Olimpiki miaka sitini na mmoja kabla.

Ushindi kama huo hufurahisha, lakini pia hupotosha, kwa sababu hufanya ionekane kwamba kipaji hujitokeza chenyewe. Michezo ya shule ilipata misukosuko mingi. Mashindano ya shule za msingi na ya sekondari, yajulikanayo kwa majina ya UMITASHUMTA na UMISSETA, yalisimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha yakarudishwa. Katika miaka hiyo hiyo, kwa mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, sekondari zilijengwa katika kata nyingi za nchi, nazo watu wakaziita "shule za kata". Kati na kata: herufi moja tu hutenga majina haya, na miaka kadiri ya arobaini huyatenga mambo yenyewe. Shule ya kata imerudisha kile ambacho kufutwa kwa shule ya kati kulikiondoa, yaani vijana wa miaka kumi na minne hadi kumi na minane mahali pamoja. Tena imewarudisha kwa wingi, na wasichana wamo. Kisichorudi kwa lazima ni ile saa ya jioni, kwa sababu shule hizo nyingi ni za kutwa, na mwanafunzi ana njia ndefu ya kwenda nyumbani. Hapo ndipo lilipo swali la leo la michezo mkoani Singida, nalo ni swali la saa na uwanja kuliko la miguu.

Uwanja mkubwa wa mji wa Singida, uliojulikana kwa jina la Namfua, baadaye ulipewa jina la Liti, yule mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi husema aliwapinga Wajerumani kwa nyuki mwanzoni mwa karne ya 20. Hilo ni jambo jema, maana jina likiandikwa ukutani hupata wa kuliuliza. Viwanja vya shule za kati havina kuta. Kumbukumbu yake imo vichwani mwa watu ambao kijana kati yao amekwisha kupita miaka sabini, na ambao hujua nani alikuwa nahodha, kiranja alipigaje filimbi, na neno gani la Kinyaturu au la Kinyiramba lilipigwa marufuku mpirani likarudi katika nyimbo za ushindi. Kazi ya kuwauliza ni ya mwanahistoria na ya mwanaisimu pamoja, wala haihitaji chombo kikubwa: daftari, na safari ya kiangazi, njia zikiwa kavu. Isipofanywa sasa, neno "shule ya kati" litabaki katika kamusi na maana yake sahihi, lakini hapatakuwa na mtu wa kueleza ilikuwaje jioni pale.